Nimetolewa nyama za pua, lini napanda tena Machame kwa baiskeli?

GiaNdogo: Habari wakuu. Nipo Moshi. Nimetolewa nyama za pua, sainasi zimesafishwa pande zote na ukuta wa kati umenyooshwa. Siku za mwanzo hewa ilipita vizuri ajabu, sasa pua imeziba tena na ukoko wa damu umejaa. Daktari kasema "kazi nzito hapana", ila nadhani kwake kazi nzito ni kubeba magunia. Miguu inawasha! Mliopitia haya, mlirudi lini? Na hizi njia za TPC, kwenye mashamba ya miwa, maana ni tambarare, naweza kuanzia huko?

DadaWaNjiro: Pole kaka. Nilifanyiwa hiyo hiyo, naendesha huku Arusha. Kuziba ni kawaida, ndani bado kumevimba. Ukoko usiubandue kwa kidole, maji ya chumvi yataulainisha. Chemsha maji, yapoe, kijiko cha chai cha chumvi kwa nusu lita. Ya bomba moja kwa moja, hapana.

TPC sahau kwanza, lile vumbi la mashamba ya miwa si la pua yenye kidonda. Halafu mimi kilichonishinda haukuwa mlima, ni usukani. Ukiinama kwenye baiskeli ya resi damu yote inakuja usoni, unasikia mapigo ya moyo mpaka kwenye fizi za juu. Niliazima Phoenix ya shemeji, unakaa wima kama mwenyekiti wa kijiji, nikawa natoka alfajiri kwenye lami tu. Nikishindwa kuongea bila kuhema, nashuka.

NesiMstaafu: Kutembea taratibu ruksa. Mazoezi ya kutoa jasho, wengi huambiwa wasubiri wiki mbili hivi, na Machame yenyewe iweke kwenye wiki ya nne hadi ya sita, daktari akishakuchungulia ndani. Presha ikipanda, kidonda kinafumuka. Kupenga kamasi marufuku, na nyie wa baiskeli mna ule mchezo wa kuziba tundu moja na kupuliza barabarani, uache kabisa. Chafya ikija, fungua mdomo. Asprini, ibuprofeni na diklofenaki usimeze bila kumuuliza daktari.

Damu isiyokata, homa na shingo kukaza, jicho kuvimba au kuona viwiliwili, au maji maangavu yanayodondoka tundu moja ukiinama: nenda hospitali usiku huo huo, usije kuuliza hapa.

GiaNdogo: Shikamoo nesi, asante. Ule wa kupuliza barabarani umenipata. Na mteremko je? Si hakuna kazi, unaachia tu.

NesiMstaafu: Marahaba. Kazi hakuna, kuanguka je? Ukigonga hiyo pua tunaanza upya.

DadaWaNjiro: Na baridi ya kule juu inakausha pua. Tafuta Phoenix, kaka.

GiaNdogo: Ya mzee ipo Kibosho, ina tenga la kuku nyuma. Jumamosi naifuata kwa hiace, breki zake sizijui.