Mnaochakachua kanda za zamani za rock, mtuache! Nimepigwa pauni 140 kwa demo feki za Queen

Wakuu, salaam.

Huwa sifungui uzi nikiwa na hasira, ila leo sina namna, nikinyamaza nitapasuka. Ni mrefu. Asiye na subira apite tu, sitamlaumu.

Kwa wasionifahamu: mimi mzaliwa wa Zanzibar, niko Leeds mwaka wa kumi na saba sasa. Nakusanya rekodi za bendi za rock za Uingereza za miaka ya 60 na 70, na sizungumzii albamu za dukani. Natafuta zilizorekodiwa ukumbini usiku wenyewe wa shoo, na zile demo ambazo vijana waliingia studio kujaribu bahati kabla kampuni yoyote haijawataka. Humu najua tupo wachache, lakini tupo, na wengine mmeshanitumia ujumbe kuulizia wapi pa kununua. Ndiyo maana naandika.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwezi wa tatu nilikwenda kwenye soko la santuri, mji wa jirani. Kuna meza moja nilisimama, tukaongea na muuzaji, akaniuliza kwetu wapi. Kusikia Zanzibar tu akachangamka. Akainama chini ya meza akatoa kisanduku cha CD mbili, akaniambia, "Basi hiki ni chako, huyu alikuwa kijana wenu." Juu kimeandikwa Queen, ile bendi ya rock ya Uingereza, demo za studio ya De Lane Lea, 1971, zimetolewa moja kwa moja kwenye asetati, kopi ya kwanza.

Kwa asiyejua uzito wa maneno hayo: mwaka 1971 studio ya De Lane Lea ilikuwa imefungua jengo jipya Wembley, wakahitaji bendi yenye kelele ya kutosha ili wapime vyumba na mitambo. Queen walikuwa hawana hili wala lile, wakapewa nafasi ya kurekodi bure kwa malipo ya kufanyiwa majaribio. Zikatoka nyimbo tano. Mwimbaji wao Freddie Mercury, yaani Farrokh Bulsara aliyezaliwa Mji Mkongwe mwaka 1946, hapo ana miaka 25 na hakuna anayemjua. Nyimbo hizo zilibaki kwenye asetati, ile sahani laini inayokatwa papo hapo studio na ambayo inachakaa kila unapoipiga. Brian May alikuwa na yake, na mwaka 2011 zikatolewa rasmi pamoja na albamu yao ya kwanza. Ninazo. Nilichokuwa nataka ni sauti ya sahani yenyewe kabla haijasafishwa na mtu. Muuzaji akaapa kwamba ndiyo hiyo.

Ndani ya kisanduku kulikuwa na kadi imeandikwa kwa mkono, wino wa buluu, majina matano ya nyimbo, na kwenye kona ya chini doa la chai la duara, nusu ya kikombe. Kadi ile ndiyo iliyonimaliza. Nikatoa pauni 140. Ni pesa ya zamu mbili za usiku ile, wakuu, si pesa ya kuokota.

Nikafika nyumbani, nikavaa hedifoni, nikazima taa. Wimbo wa kwanza, mikwaruzo ya sahani inasikika vizuri kabisa, moyo ukatulia. Wa pili, sawa. Wa tatu nikashtuka. Ule mkwaruzo naujua. Tok. Tok-tok. Kimya. Tok. Nikarudi wimbo wa kwanza, ni ule ule, kwa mpangilio ule ule. Nikachukua saa nikapima: kila baada ya sekunde 5 kamili unaanza upya.

Sasa sikilizeni. Santuri inayozunguka mara 33 na theluthi kwa dakika inamaliza mzunguko mmoja kwa sekunde 1.8. Ya mara 45 ni sekunde 1.33. Ya 78 haifiki sekunde moja. Ukiwa na mkato kwenye sahani, sindano inaupita kila mzunguko, kwa hiyo mlio unarudi kwa hesabu hizo. Duniani hakuna santuri inayozunguka mara moja kwa sekunde 5! Mtu alichukua kipande cha mikwaruzo kutoka kwenye sahani nyingine huko, akakiunganisha mkia na kichwa, akakitandika juu ya muziki kama mkeka.

Nikafungua programu inayoonyesha sauti kama picha. CD halali inabeba masafa ya sauti mpaka karibu kHz 22. Hii muziki wake umekatwa kHz 16, umenyooka kama uliokatwa kwa wembe, na juu ya hapo hamna kitu. Alama hiyo kila mkusanyaji anaijua: ni MP3 ya kiwango cha chini, yaani faili lililobanwa likapoteza sehemu ya sauti, iliyorudishwa kwenye CD. Mwisho nikachukua toleo langu la 2011, nikaligeuza wimbi juu chini, nikaviweka pamoja vikaenda sawia. Vitu viwili vinavyofanana ukivifanyia hivyo vinafutana. Muziki ukafutika karibu wote, Freddie akapotea, gitaa likapotea, ukabaki mvumo mdogo kwa mbali na ile mikwaruzo peke yake inazunguka. Tok. Tok-tok. Kimya. Tok.

Nilikaa gizani nikiisikiliza. Hapo sijui niseme nini.

Nikampigia muuzaji kesho yake. Nilimweleza kistaarabu, hatua kwa hatua. Akanijibu kwamba muziki ni muziki, kama unasikika nataka nini zaidi? Pesa hakurudisha mpaka leo. Simtaji jina kwa sababu ya kanuni za humu, lakini jibu lake hilo ndilo lililonifanya niandike, maana nimelisikia mara nyingi hata kwa watu wetu. "Si unasikika?"

Hapana. Haitoshi kusikika. Waliosoma madrasa watanielewa haraka: maneno yawe mazuri namna gani, kama hayana isnadi mwalimu hayapokei. Nani alisikia kwa nani, naye alisikia kwa nani, mpaka ufike kwenye chanzo. Kanda ya shoo ya mwaka 1970 ni hivyo hivyo. Nani alirekodi, kwa kifaa gani, alikaa wapi, kanda mama ikaenda kwa nani, hii uliyoshika ni kopi ya ngapi. Kila ukinakili kaseti kwa kaseti mvumo unaongezeka na sauti za juu zinakufa, kwa hiyo namba ya kopi ni kila kitu. Ukifuta mnyororo huo umeua kanda, hata kama inasikika.

Mimi nilifundishwa na mzee mmoja wa Norwich, Mungu amrehemu. Tulikuwa tunabadilishana kwa posta. Unamtumia kaseti tupu na stempu za kurudishia, anakurekodia, anakurudishia. Pesa haikupita kati yetu hata siku moja, na kwake kuuza ilikuwa aibu kubwa kuliko kuiba. Kila kaseti aliyonitumia ilikuja na karatasi iliyokunjwa mara nne: tarehe, ukumbi, kopi ya ngapi, upande wa pili dakika ya 31 kanda inageuzwa kwa hiyo kuna wimbo umekatika, usidhani ni hitilafu ya deki yako. Alikuwa anaandika hata makosa. Hasa makosa. Alipokuwa hajui chanzo aliandika "sijui", kwa herufi kubwa. Leo nani anaandika "sijui"? Kila mtu ana kanda mama! Kila mtu kapata kwa fundi mitambo wa bendi!

Na si Queen tu. Kuna jamaa alinitumia shoo ya bendi ya Led Zeppelin, Los Angeles, tarehe 23 Juni 1977. Wanaojua wanajua kwamba Zeppelin walipiga usiku sita pale ukumbi wa Forum mwezi ule, na usiku wa 23 Keith Moon, mpiga ngoma wa bendi ya The Who, alipanda jukwaani kupiga nao. Nimesikiliza CD zote tatu mpaka mwisho, Moon hayupo. Nikalinganisha, kumbe ni usiku wa tarehe 21, ile shoo maarufu ambayo kila mkusanyaji anayo. Mtu kabadilisha tarehe ili auze kitu kimoja mara mbili. Huyu jamaa aliyenitumia akainunua kwa nia njema, akaipandisha mtandaoni na tarehe ya uongo, ikanakiliwa na mamia. Nenda sasa ukairekebishe!

Na kinachouma zaidi, ile ya tarehe 21 ina isnadi safi kuliko nyingi. Ilirekodiwa na Mike Millard, mtu aliyekuwa anaingia ukumbini kwenye kiti cha magurudumu ambacho hakukihitaji, mashine yake ya kurekodia, Nakamichi 550, imefichwa humo, maikrofoni zake za AKG zimetegwa vizuri. Mtu alihatarisha hayo yote. Ukumbuke meneja wa Zeppelin alikuwa Peter Grant, jitu la miraba minne lililokuwa likiona kifaa cha kurekodi linakivunja. Halafu wewe, umekaa kwenye kochi, unafuta tarehe yake kwa kubonyeza kitufe mara mbili.

Mtu atasema tarehe ni tarehe, ina nini? Chukua Pink Floyd, Stoke-on-Trent, Novemba 1974. Kanda ile ilitolewa kimagendo kwenye santuri, ikauzika sana mpaka kuna walionunua wakidhani ni albamu yao mpya. Mle ndani kuna nyimbo mbili ndefu ambazo dunia ilikuja kuzipata rasmi mwaka 1977 kwenye albamu yao ya Animals, zikiwa na majina mengine na maneno mengine. Yaani unasikia wimbo ukiwa bado mtoto, miaka miwili na ushei kabla haujakua. Ukiandika 1977 juu ya kanda ile umemfanya mtoto mzee. Umefuta kitu chote kilichoifanya iwe na thamani.

Mbona wenyewe bendi waliweza kusema ukweli? Hapa kwangu kutoka nyumbani mpaka chuo kikuu ni dakika ishirini kwa miguu. Ule ukumbi wa kulia chakula wanafunzi ndipo The Who waliporekodi Live at Leeds, tarehe 14 Februari 1970. Kibao cha buluu kipo ukutani, huwa napita nakiangalia. Walipoitoa, kwa makusudi waliifunga kwenye jalada la kaki lenye maandishi ya mhuri, kama bidhaa ya magendo, na kwenye lebo ya santuri wakaandika kwamba milio ya mikwaruzo ni sawa, isirekebishwe. Usiku uliofuata walipiga mji wa Hull, na kwenye baadhi ya nyimbo gitaa la besi halikuingia kwenye kanda. Shoo ile ilipotolewa baadaye, besi iliazimwa kutoka Leeds, na ikaelezwa. Ndivyo watu wenye heshima wanavyofanya: umegusa, sema umegusa.

Makampuni ya rekodi nayo siyasafishi. Sheria ya Ulaya ilipoongeza ulinzi wa rekodi kutoka miaka 50 hadi 70, iliwaacha nje waliokalia rekodi bila kuzitoa. Ghafla Desemba 2013 zikamwagwa nyimbo 59 za Beatles za mwaka 1963 mtandaoni, bila maelezo ya maana, ili haki zisipotee. Waliozifungia rekodi makabatini nusu karne ndio waliowalisha hawa matapeli. Lakini hilo lina uzi wake.

Sasa ombi langu kwenu mnaopandisha mafaili kwenye magrupu yetu. Kama ulipata MP3, sema ni MP3. Kuigeuza FLAC, faili lisilopoteza sauti, ni kukoroga maziwa ya unga ukasema umekamua ng'ombe mwenyewe. Usibadilishe jina la faili lililokuja na tarehe. Usipunguze mvumo, usiongeze mwangwi, usikate makofi ya watu katikati ya nyimbo. Mle kwenye makofi ndimo tunamotambua shoo kwa shoo. Na kile kifaili kidogo cha maandishi kinachokuja pamoja na muziki, mnachokifuta kwa sababu "kinajaza nafasi", ndicho ile karatasi ya mzee wangu iliyokunjwa mara nne. Msikifute, nawaomba.

Kaseti zake ninazo 63, na karatasi zake zote. Nimeanza kuzihamisha kwenye kompyuta, kila moja na picha ya karatasi yake mbele na nyuma. Anayetaka aniandikie inbox, hailipwi hata shilingi.

NYONGEZA, saa 4 usiku: Mdau mmoja wa Birmingham ameniandikia inbox baada ya kusoma. Naye ana kisanduku hicho hicho, alinunua mwaka jana kwa pauni 120, akanitumia picha ya kadi yake. Wino wa buluu, mwandiko ule ule, doa la chai kwenye kona ile ile, nusu ya kikombe. Nimeziweka kadi zetu moja juu ya nyingine kwa kompyuta. Zinalingana mpaka kwenye mkunjo wa karatasi.