"Radi hapa na pale" ndiyo mnamwandikia mtu anayelala ziwani usiku? Huo ni utabiri gani?

Wakuu nimeshindwa kunyamaza, leo niacheni niseme. Niko huku Namayingo, Uganda, upande wa visiwani kwenye Ziwa Victoria, nina boti mbili za mukene, yaani dagaa, na giza la mwezi uliopita tulizika baria (kibarua wa boti) wangu mmoja, kijana wa miaka 19. Siku hiyo mchana utabiri uliingia kwenye grupu la simu la mwalo, pale boti zetu zinapotia nanga, ni picha, Kingereza kitupu, maandishi madogo mpaka uvute na vidole, na kilichotuhusu sisi ni mstari mmoja tu, ati kutakuwa na mvua ya radi hapa na pale kwenye bonde la Ziwa Victoria. Basi. Saa ngapi? Hawakusema. Upande gani? Hawakusema. Upepo je? Kimya. Hili ziwa lina karibu kilomita mraba 69,000 na nchi tatu zimeligawana, sasa hapa na pale ni wapi, Mwanza, Kalangala ama hapa kwetu mlangoni?

Watu wakatoka. Na msije mkawalaumu, kwa sababu maneno hayo hayo yalikuja jana yake na juzi yake na maji yakalala kama ya kwenye beseni. Saa nane usiku upepo ukashuka kutoka upande wa Kenya, taa zote zikazimika mara moja, boti ikajaa, vijana wakashikilia majeriken mpaka alfajiri. Watatu walirudi. Wa nne tulimpata siku ya pili.

Nikawapigia simu hao wanaotutumia utabiri. Mnajua nilijibiwa nini? "Lakini ssebo, tuliandika kuna radi." Banange! Kwa hiyo kwao kazi iliisha hapo, neno radi liko kwenye karatasi, hawana kosa.

Mimi nimekaa Tanga miaka minne kwenye mashua za samaki, kwa hiyo utabiri wa majini naujua ulivyo. Kule unaambiwa upepo utafika kilomita 40 kwa saa, mawimbi mita 2, pwani ya Tanga pamoja na Unguja na Pemba, kuanzia siku fulani. Mzee ambaye hajakanyaga darasa akisikia mita 2 anajua kama chombo chake kinaweza ama hakiwezi, anaamua mwenyewe. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokuwa kinakuja watu walitangaziwa kabla, boti za Zanzibar zikasimamishwa. Na Watanzania hao hao kwenye utabiri wao wanalitaja na ziwa letu, mimi mpaka leo nanasa redio zao ili nijue cha kufanya, na niko Uganda!

Najua mtu atakuja hapa kuniambia bahari na ziwa si kitu kimoja. Ni kweli kabisa, na ndiyo maana nimekasirika. Baharini kusi, upepo wa kutoka kusini, ikianza kwenye mwezi wa nne unajua uko nayo miezi, kimbunga nacho kinaonekana kwa satelaiti siku kadhaa kabla hakijafika. Kwetu dhoruba inazaliwa usiku huo huo na kufa asubuhi. Nchi kavu inapoa haraka jua likizama, maji yanabaki na joto, basi upepo unatoka pande zote za ufuko unakutana katikati ya ziwa, unapanda juu, mawingu ya radi yanajengeka, na saa zenyewe ni kuanzia usiku wa manane mpaka alfajiri. Sasa mvuvi wa mukene anatoka lini? Usiku, mwezi ukiwa giza, kwa sababu mbalamwezi ikiwaka dagaa hawafuati taa. Yaani saa ile ziwa linapochafuka ndiyo saa sisi tuko katikati yake, na utabiri unaotumwa hautofautishi saa nane mchana na saa nane usiku.

Na wimbi la ziwa ni fupi, limesimama wima, mawimbi yanafuatana karibu karibu, la kwanza likikuinua la pili liko tayari kwenye ubao, hujapata hata nafasi ya kugeuza pua ya boti. Mita moja ya huku si mita moja ya kule Tanga.

Vijana sasa wanatumia zile programu za upepo kwenye simu, zenye rangi rangi. Zinaonyesha kasi ya upepo, noti 6, noti 8, kijana anaona kijani anaenda. Mimi nawakataza. Nyingi zinachukua kieneo cha kilomita nyingi na kutoa wastani wake, kusi iliyotanda baharini zinaiona vizuri, lakini dhoruba inayodumu saa mbili tu kati ya visiwa vyetu vya Sigulu na Lolwe inamezwa humo ndani usiione kabisa.

Halafu kuna jambo linaniuma sana. Novemba 2018 ilipozama ile boti ya starehe upande wa Mukono na watu zaidi ya 30 wakafa, nchi nzima ilisimama, kamera, viongozi, kila mtu. Baria akizama mwaloni kwetu ni simu kwa mama yake na turubai tu.

Ninachotaka si ndege. Gawanyeni ziwa kwa kanda, semeni saa, semeni upepo unatoka wapi na nguvu yake, semeni wimbi. Mtume sauti, kwa Kiswahili, Kiluganda, Kisamia, Kijaluo, maana mwaloni kwetu wote hao wako kwenye boti moja, na ifike kabla ya saa tisa mchana watu hawajapakia mafuta.

Sasa hivi ni saa kumi kasoro. Giza limeanza juzi, saa kumi na mbili boti zinatoka. Utabiri ulioko kwenye grupu ni wa jana.