Meza ya vitu vya kale baada ya baba kufariki: tuanzie wapi? (Lubumbashi)

Kifungua Mimba wa Kamalondo

Salamu kwenu nyote. Baba yetu alifariki mwanzoni mwa mwaka huu, na sasa matanga yamekwisha, tumebaki na jambo ambalo hakuna aliyetuandaa kulikabili. Kila kiangazi alikuwa na meza yake katika maonyesho ya kuuza vitu vya kale hapa mjini, na nafasi ya msimu huu alikuwa ameshailipia. Mama anataka tuendelee. Mimi nafanya kazi ya ofisi, na ninachokijua kuhusu biashara hii ni kile anachookota mtoto anayebeba masanduku nyuma ya baba yake.

Stoo imejaa viti vya Kiluba, picha za shaba ya kugongwa, misalaba ya shaba ambayo wazee huiita handa, sarafu za Katanga za mwaka 1961, noti za zaire zenye sura ya Mobutu, pasi za mkaa, redio za zamani na vibweta vya malakiti, lile jiwe la kijani. Chini ya baadhi ya vitu baba alifunga uzi, mwingine mwekundu na mwingine mweusi. Mama anakumbuka kwamba mwekundu ni wa vitu ambavyo watu walimwachia awauzie, mweusi haujui. Bei hazikuandikwa popote, alikuwa nazo kichwani. Tayari mtu mmoja amefika nyumbani akisema kwamba kiti fulani ni chake, nasi hatuna namna ya kumkubalia wala kumkatalia.

Wasaidizi si haba: mdogo wangu aliye chuo kikuu, binamu mwenye maneno matamu, na baba mdogo, ambaye anasema kwamba kwa desturi yeye ndiye wa kushika kazi ya kaka yake, na ameshajitengea vipande viwili vya ukumbusho. Sipendi kugombana naye, maana ndiye aliyesimama nasi tangu hospitalini hadi makaburini. Naomba ushauri: tufanye nini kabla ya mauzo yajayo, nani akae mezani, na je, ni haki kumweka mama mbele ya watu akiwa bado na huzuni nzito?

Mzee wa Likasi

Poleni sana, mwanangu, wewe, mama yako na jamaa yote. Niliwahi kufanya kazi hiyo kabla magoti hayajachoka, kwa hiyo nitasema juu ya vitu, na mambo ya jamaa nitawaachia wengine.

Kabla ya kubeba hata pasi moja kuipeleka mezani, itoeni stoo yote nje mchana, mbele ya mama, baba mdogo na shahidi asiye wa ukoo, mkatenge mali ya biashara, amana za watu, na vitu vya nyumbani ambavyo vilihifadhiwa humo kwa sababu tu kulikuwa na nafasi. Kila kitu kipigwe picha, kipewe namba, na kiandikwe katika daftari moja tu. Huyo anayedai kiti asioneshwe kiti. Aulizwe kwanza kina alama gani, alikileta lini, na walikubaliana bei gani na marehemu. Mwenye mali atakumbuka ufa ulio mguuni au mkono wa sanamu uliovunjika. Mwongo ataomba akione kwanza. Akithibitisha, arudishiwe kiti mbele ya mashahidi na atie sahihi.

Simu ya marehemu msiizime, na laini yake iwekeeni salio, kwa sababu laini isiyotumika mwishowe hufungwa. Wateja wa kazi hii huulizana bei kwa picha na ujumbe, kwa hiyo bei mnazosema zilikuwa kichwani mwake, nyingi zimo humo. Tena wapo wanunuzi ambao hawajasikia habari za msiba na bado wanamwandikia.

Kuhusu handa, mkae macho. Mwaka 1960 Katanga ilipojitenga, misalaba mitatu ya namna hiyo iliwekwa katika bendera yake, na mwaka uliofuata msalaba huo ukawekwa katika sarafu, ndizi upande mmoja na handa upande wa pili. Tangu hapo kila mgeni anataka handa, na mafundi wa mjini wanajua kumridhisha. Handa za zamani zilimiminwa katika kalibu iliyo wazi. Ndiyo maana upande mmoja huwa na tuta linalofuata mikono ya msalaba, na upande wa pili huwa bapa na wenye mikwaruzo. Sugua kwa kidole kikavu. Ukijani wa miaka mingi umeng'ang'ania shaba, lakini ule uliotengenezwa kwa chumvi na asidi mara nyingi hubaki kidoleni kama unga. Zile msizokuwa na hakika nazo ziuzeni kama kazi ya mikono, kwa bei ya kazi ya mikono, na mnunuzi aambiwe hivyo waziwazi. Wala asitokee msaidizi mwenye bidii akazisugua kwa limau na mchanga ili zing'ae, wala handa wala sarafu, kwa kuwa mjuzi hulipia ule uzee wenyewe.

Viti navyo viinueni mtazame chini yake. Mkikuta unga mwembamba wa mbao, wadudu bado wamo, na kiti hicho kitengwe mbali na vingine.

Wakili wa Kampemba

Nikupe pole, ndugu, kisha niseme bila kuzunguka: baba mdogo anaheshimiwa, lakini sheria haimpi biashara hiyo. Kwa Kanuni ya Familia ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, watoto wa marehemu ndio warithi wa daraja la kwanza, nao hupata robo tatu za urithi. Mjane, wazazi wa marehemu na ndugu zake wako katika daraja la pili, ambalo hugawana robo iliyobaki. Zaidi ya hayo, ikiwa wazazi wako walifunga ndoa ya kisheria bila kuchagua utaratibu mwingine wa mali, vile walivyochuma pamoja katika ndoa ni vya wote wawili, kwa hiyo fungu la mama hutengwa kwanza, ndipo urithi uhesabiwe. Anayesimamia ugawaji ni mrithi mwenye umri mkubwa kuliko wengine, au yule ambaye warithi wamemchagua.

Sisemi umpeleke mahakamani. Itisheni kikao cha jamaa, vile vipande viwili viandikwe katika daftari kama vingine, kisha ninyi wenyewe mmpe kimojawapo kwa hiari yenu. Akikipokea mbele ya wote, ni zawadi. Akikichukua kimyakimya, kesho shangazi naye atataka chake.

Mezani pia kuna jambo la sheria. Pembe za ndovu ziondoeni kabisa, hata kama ni bangili ya bibi. Vitu vya kale vinalindwa na sheria ya tarehe 15 Machi 1971, na havitoki nchini bila ruhusa ya serikali. Kitu chochote kinachosemekana kimetoka katika makaburi ya kale ya bonde la Upemba, kama yale ya Sanga kando ya ziwa Kisale, msikiuze kwa mtu yeyote. Nendeni mkaulize katika Makumbusho ya Taifa hapa Lubumbashi.

Kifungua Mimba wa Kamalondo

Nawashukuru sana. Tumefungua simu, na uzi mweusi umejieleza: kila kitu chenye uzi huo baba alikuwa akiwajibu wateja kwamba hakiuzwi mpaka apate karatasi ya makumbusho. Tumeviweka kando vyote. Baba mdogo amekubali kikao, ingawa kwa uso uliokunjamana. Bado sijapata jibu kuhusu mama na kuhusu nani akae mezani.

Mama Duka, Ruashi

Pole, mwanangu. Mimi ni mjane na mimi ni mchuuzi, kwa hiyo hilo la mama yako linanihusu.

Wengi watakuambia umfiche nyumbani hadi machozi yakauke, nami sikubaliani nao. Mwanamke aliyefuta vumbi kwenye viti hivyo miaka yote anavijua kuliko ninyi, kama alivyoujua uzi mwekundu. Mwachie yeye aamue aje lini, na akija, kiti chake kiwe nyuma ya meza, pembeni, pale anapoweza kuinuka bila kupita katikati ya wateja. Watu wa kumpa pole watakuja wengi, wengine bila hata kuangalia bidhaa, na mwenye kulia atalia. Mtu mmoja wa jamaa apewe kazi hiyo peke yake, ya kuwapokea na kuwasogeza kando pamoja na mama, ili mnunuzi asione aibu kuuliza bei mbele ya msiba. Hapo ndipo baba mdogo anafaa kuliko wote. Ni mtu mzima, anawajua rafiki za marehemu, na atakuwa na heshima yake mbele ya watu bila kugusa fedha.

Fedha ashike mdogo wako wa chuo kikuu, na mauzo yaandikwe katika daftari papo hapo. Mfundisheni kukagua dola kabla ya kuipokea, kwa sababu noti yenye mpasuko mdogo hata wa ukucha hakuna atakayeipokea kwenu, na awe na faranga za kutosha za kurudisha chenji. Binamu mwenye maneno matamu asimame mbele aite wateja, lakini bei ya mwisho isitoke kinywani mwake. Mzee wa Likasi hakutaja vibandiko. Mimi napendelea kila kitu kiwe na bei iliyoandikwa, na mkubaliane mapema mtashuka hadi wapi, la sivyo mteja atamwendea kila mmoja wenu hadi ampate mlaini.

Mauzo ya kwanza msipeleke stoo nzima. Pelekeni pasi, redio, malakiti, noti za zaire na picha za shaba, ambazo bei zake zinajulikana. Viti vya Kiluba vingoje hadi mtu anayevijua avitazame.