Filamu ya kwanza ya Ufilipino: 1898, 1912 au 1919?

Kanda35: Wakuu, Ufilipino wanaadhimisha 12 Septemba 1919, siku Dalagang Bukid ya José Nepomuceno ilipoonyeshwa Manila, kuwa kuzaliwa kwa sinema yao. Hii si haki kwa waliotangulia. Antonio Ramos alishapiga picha za mitaa ya Manila tangu 1898.

FundiProjekta: Ramos alikuwa askari wa Hispania aliyeleta mashine ya Lumière, wale ndugu wa Ufaransa waliobuni sinema. Ilipiga picha, ikachapa nakala, ikaonyesha. Mkanda wa mita 17, unazungusha kwa mkono fremu 16 kwa sekunde, dakika haijatimia umekwisha. Huyo alipiga picha Ufilipino, hakutengeneza filamu ya Kifilipino.

Mwanakombo: Kwa kigezo hicho na 1912 inaondoka. Gross na Yearsley, Wamarekani wote wawili, walitoa filamu za Rizal, shujaa wa taifa la Ufilipino, Agosti ileile, Yearsley akamuwahi mwenzake. Lakini vifaa vya Nepomuceno vilitoka kwa huyohuyo Gross! Mnakataa filamu, mnapokea kamera?

Kanda35: Dalagang Bukid si ndiyo ya kwanza yenye sauti?

Mwanakombo: Hapana, kaka. Ni bubu, imetokana na sarswela, yaani mchezo wa jukwaani wenye nyimbo, ya Hermogenes Ilagan. Mwigizaji wake mkuu, Atang de la Rama, aliimba ukumbini picha ikiendelea. Filamu yao kamili ya kuzungumza ni Punyal na Ginto, 1933.

Mzushi wa Hoja: Mnabishania kitu ambacho hakipo. Hakuna hata nakala moja ya Dalagang Bukid. Hawakujua kutunza.

FundiProjekta: Futa kauli hiyo! Mkanda wa naitreti, aina ya plastiki iliyotumika kwa filamu za enzi hizo, unaoza wenyewe. Gesi inayotoka ikikutana na unyevu inageuka asidi, inakula madini ya fedha yanayounda picha na jelatini inayoyashika, kisha kopo linashika kutu. Kwanza picha inafifia, mkanda unanata, unatoa mapovu, unagandamana, mwisho ni unga wa kahawia. Katika joto la Manila unaharakisha kuoza. Halafu vita vya Februari na Machi 1945 viliteketeza mji. Filamu za kabla ya vita zilizosalia zinahesabika kwa vidole. Mojawapo, filamu ya Zamboanga ya 1937, ilipatikana Marekani.

Mzushi wa Hoja: Ukiwaka si unamwagia maji?

FundiProjekta: Mkuu, unaungua kwa oksijeni yake. Hata uuzamishe ndani ya maji hauzimiki, na moshi wake ni sumu. Kwenye projekta ukikwama mbele ya taa fremu moja inatosha kuwasha msala. Lumière waliweka chupa ya maji mbele ya taa ipunguze joto.

Kanda35: Basi tungenusa. Filamu ikioza inanuka siki.

FundiProjekta: Siki ni asitati, mkanda uliokuja baadaye! Ukichanganya hizi mbili utaweka makopo ya naitreti pasipostahili na utaunguza ghala.

Mwanakombo: Na makopo yenyewe yasifungwe kubana. Gesi ikizuiwa ndani, kuoza kunaongezeka. Chumba kiwe baridi, kikavu, kipitishe hewa. Unachokuta bado kinakunjuka nakili leo. Kilichonata usikivute, utang'oa picha na kuibakiza kwenye tabaka la juu yake.

Kanda35: Sawa, ila 1898 siiachi.

Mzushi wa Hoja: Asitati nayo inawaka?

FundiProjekta: Inayeyuka, na ikishika moto inaungua polepole. Ndiyo maana iliitwa filamu salama.