Majaji wa Magic, kukusanya kadi peke yake si kujisalimisha!

Wakuu,

Hasira hii ninayo tangu Jumamosi na leo naimwaga hapa. Mods, naomba uzi huu usiunganishwe na ule wa bei za kadi. Hili ni suala la uamuzi.

Mpwa wangu anacheza Magic: The Gathering, mchezo wa kadi wa watu wawili kupunguziana uhai, huku Uingereza. Jumamosi alikuwa kwenye mchujo wa kutafuta nafasi ya Regional Championship, na wanaofuatilia wanajua huko ndiko watu wanakotafuta njia ya kwenda Pro Tour, mashindano ya ngazi ya juu ya mchezo huu. Si gemu za kupotezea muda. Kiingilio kililipwa, majaji walikuwa wawili, na asubuhi tulitangaziwa kwamba yanaendeshwa kwa ngazi ya ushindani, ile ya kati katika ngazi tatu, ambayo adhabu zake zimeandikwa na kila uamuzi una utaratibu wake.

Ilikuwa raundi ya mwisho kabla ya nane bora. Kila mmoja ameshinda gemu moja, ya tatu ndiyo inaamua. Kijana amebakiwa na uhai 7 na hana kiumbe hata kimoja cha kuzuia. Mpinzani wake, mtu mzima na mzoefu, ana kiumbe kimoja mezani, Monastery Swiftspear. Anacheza Lightning Bolt, kadi isiyo ya kiumbe, inamtoa kijana uhai 3, na wote wawili wanaandika 4 kwenye karatasi zao.

Sasa fuatilieni hesabu, maana kesi yote iko hapa. Swiftspear ana nguvu 1, na mwenye naye akicheza kadi isiyo ya kiumbe wala ya ardhi (zile za kulipia kadi nyingine) anaongezeka moja hadi mwisho wa zamu. Kwa hiyo Bolt ilimfikisha 2. Baada ya hapo mpinzani akashusha Swiftspear wa pili. Huyu hakuwepo mezani Bolt ilipochezwa, kwa hiyo amebaki na 1 yake. Na kwa kuwa yeye mwenyewe ni kiumbe, kumshusha hakumwongezei wa kwanza chochote. Swiftspear anaruhusiwa kushambulia zamu ileile aliyoingia, basi wakaenda wote wawili. Mbili na moja ni tatu. Nne kutoa tatu inabaki moja. Kijana yu hai.

Mpinzani akagusa kadi moja kwa kidole, akagusa ya pili: "Mbili, na mbili, nne. Umekufa." Akanyoosha mkono wa kuagana.

Kijana ana miaka kumi na saba. Ameambiwa na mtu mzima kwamba amekufa, ameuona mkono umenyooshwa, akaanza kuzikusanya ardhi zake. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake. Kwa ngazi hiyo kanuni zinamruhusu mtazamaji kuwaomba wachezaji wasimame wakati anamwita jaji, na ndivyo nilivyofanya. Hali ya meza wakati huo: ardhi za kijana zimerundikwa pamoja, kadi zake mbili za mkononi ziko kifudifudi, deki haijaguswa. Upande wa mpinzani kila kitu kiko palepale. Karatasi zote mbili zinasoma 4.

Jaji akaja na swali moja. "Umekusanya kadi?" Kijana akajibu ndiyo. "Basi umejisalimisha, mechi imekwisha." Kijana akaanza kusema "lakini ameniambia..." akakatwa. Akaomba jaji mkuu aitwe, akajibiwa kwamba hakuna cha kukatia rufaa kwa sababu gemu haipo tena. Mimi nikaambiwa watazamaji wakae mbali na meza.

Wakuu, hapo kuna makosa juu ya makosa.

Kanuni ya 104.3a inasema mchezaji anaweza kujisalimisha wakati wowote, na akijisalimisha anatoka kwenye gemu papo hapo na ameshindwa. Haisemi kwamba kujisalimisha ni kugusa ardhi. Kujisalimisha ni uamuzi wa mtu, na ishara za mikono ni ushahidi tu wa uamuzi huo. Najua kwa mazoea kukusanya kadi kunachukuliwa kuwa ni kukubali kushindwa, na mara nyingi ndivyo ilivyo. Ila mtu anayekusanya kwa sababu ameambiwa gemu imekwisha hajaamua kuiacha. Anafanya usafi baada ya jambo aliloambiwa limeshatokea.

Na aliyemwambia hakuwa na ruhusa ya kusema vile. Nguvu ya kiumbe kilichoko mezani ni taarifa ambayo mpinzani wako halazimiki kukusaidia kuihesabu. Anaweza kunyamaza kimya hadi mwisho. Lakini akifungua mdomo, kanuni za mashindano zinamkataza kuieleza kinyume na ilivyo. "Mbili na mbili" ilikuwa kinyume na ilivyo. Hilo ni kosa linalojitegemea, lilitokea kabla kijana hajagusa kadi hata moja, na jaji hakuliuliza kabisa!

Simwiti yule bwana mwizi. Huenda alikosea hesabu, raundi ya mwisho watu wamechoka. Lakini kama alijua na akasema makusudi ili apate ushindi, huo ni udanganyifu na adhabu yake ni kufukuzwa mashindanoni. Tofauti kati ya mambo hayo mawili haionekani kwa kutazama rundo la ardhi. Inapatikana kwa kuwatenganisha wachezaji na kumuuliza kila mmoja: ulisema nini, uliambiwa nini, uhai ulikuwa ngapi? Dakika tatu zinatosha, na muda unaopotea mechi inaongezewa.

Nawajua watakaokuja kusema mchezaji awajibike kwa hesabu zake. Nakubali. Angehesabu vibaya mwenyewe, bila mtu kumwambia kitu, akakusanya kadi, ningemwambia anyanyuke twende nyumbani. Wengine watasema ukiruhusu kurudisha, kila mtu atakusanya, achungulie, kisha adai amekosea. Hiyo nayo ni hoja nzito. Deki ikishachanganywa, au mpinzani akishafunua kadi zake za mkononi, hakuna namna ya haki ya kurudi nyuma. Jumamosi hapakufunuliwa kadi wala kuchanganywa deki. Ardhi zinapangwa upya kwa sekunde kumi.

Mikono ya kuagana ndiyo inaniudhi zaidi. Chukua mfano: muda umekwisha, kila mmoja ana gemu moja, mmoja ananyoosha mkono akimaanisha sare, mwenzake anaupokea akidhani ameachiwa ushindi. Sare ni pointi 1, ushindi ni 3. Jaji anayehukumu kwa kuangalia mikono peke yake atampa pointi yule aliyewahi kusema kwa sauti kubwa.

Hata drafti ya kijiweni, mtu akikuambia umekwisha kumbe njia ipo, ukainuka, wazee waliokaa pembeni watakukalisha tena.

Kwenye Arena, yaani Magic ya kwenye kompyuta na simu, haya hayatokei kwa sababu programu ndiyo inayohesabu, na kitufe cha kujisalimisha unakitafuta mwenyewe. Mezani tunahesabiana kwa mdomo. Ndiyo maana ukweli wa mdomo umewekewa kanuni, na ndiyo maana jaji asiyeuliza kilichosemwa hajafanya kazi yake.

Na rufaa! Mchezaji asiyeridhika na uamuzi wa jaji wa kawaida ana haki ya kumfikisha jaji mkuu, na neno la jaji mkuu ndilo la mwisho. Jaji wa kawaida hana mamlaka ya kuufunga mlango huo, hata akiwa na hakika kiasi gani. Jaji mkuu alikuwa meza ya pili kutoka pale, anakunywa chai.

Sisemi kijana angeshinda. Alikuwa na uhai 1 na kadi mbili. Alistahili kuicheza zamu yake.

Nimewaandikia waandaaji barua ndefu, bado hawajajibu. Nawataka wamweleze mpwa wangu, yeye mwenyewe na si mimi, kwa nini alinyimwa rufaa. Na humu ndani najua wapo waliowahi kuvaa fulana ya ujaji, wa kadi au hata wa mchezo mwingine. Njooni mniambie: ungeitwa kwenye meza ile, swali lako la kwanza lingekuwa lipi?