Mzee yuko ICU Mtwara, wanataka kumtoboa shingo, nisaini?

Mtoto wa Mikindani:
Wakuu habari za usiku. Mzee wangu aligongwa na bodaboda akaumia kichwa, leo siku ya 11 yuko kwenye mashine ya kupumulia, mpira umepita mdomoni. Asubuhi dokta kaniita anasema wanataka kumtoboa shingoni wapitishie mpira hapo, tena hapohapo kitandani sio tiyeta, nikabaki nimeduwaa. Mashangazi zangu wa Newala wamegoma, eti mtu akishatobolewa koo hasemi tena. Anayejua anisaidie sijasaini bado.

nesi_wa_zamu:
Pole sana kaka. Hiyo ni trakeostomi. Mpira wa mdomoni ukikaa sana unachubua koo na nyuzi za sauti, halafu kuuvumilia mpaka apigwe dawa za usingizi muda wote, ndo maana ikikaribia wiki 2 hajaweza kupumua mwenyewe wanahamia shingoni. Kitandani wanamwongezea usingizi na oksijeni 100%, sindano inaingia bomba la hewa chini ya kikoromeo, inapitishwa waya mwembamba, wanatanua tundu taratibu mpaka mpira uingie. Njia hii ipo tangu 1985, na kumsukuma mtu wa mashine hadi tiyeta nako kuna hatari yake.

Chikongola boy:
Kwahiyo mashangazi wanatisha watu tu?

nesi_wa_zamu:
Nusu kweli. Hewa inatokea chini ya nyuzi za sauti kwahiyo kwa sasa hatoi sauti, mpira ukishatolewa wengi wanaongea na tundu linaziba lenyewe. Ila isikupe tamaa, kichwa haitibu.

Baba Zuhura:
Mkwe wangu alikaa nao miezi miwili, anatuandikia kwenye daftari lake la korosho, siku wanautoa cha kwanza kuuliza bei ya mnada 😂 kovu limebaki dogo kama kifungo cha shati. Kilichotutesa makohozi, usiku mmoja mpira uliziba na nesi yuko mmoja wodi nzima, jamani sitasahau.

nesi_wa_zamu:
Hapo ndo pa kuuliza kaka. Usiku nani anamnyonya makohozi? Anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda? Na wiki ya kwanza mpira usichomoke, tundu halijakomaa, kuurudisha ni kazi.

Mtoto wa Mikindani:
Asanteni mno. Nimemsomea shangazi mkubwa yote haya, kasema kesho nikifika kwa dokta nimpigie, anaongea naye mwenyewe.