Naomba ushauri: mtaala wa kumsomesha mtoto nyumbani baada ya kumtoa shule ya umma, Texas

Mama Imani (Fort Worth)

Ndugu zangu, habari za majukumu. Sisi ni familia ya Kitanzania tunayoishi Fort Worth, Texas. Mtoto wetu wa kwanza, mvulana wa miaka tisa, anamaliza darasa la tatu katika shule ya umma, na mimi na baba yake tumekubaliana kwamba kuanzia Agosti atasomea nyumbani. Sababu sitazirefusha. Itoshe kusema kwamba anapandishwa darasa kila mwaka ilhali kusoma hajui sawasawa, na kila tulipouliza tuliambiwa tumpe muda. Hesabu anazipenda, ila jedwali la kuzidisha hajalishika: ukimuuliza saba mara nane, utaona vidole vinatembea chini ya meza.

Tatizo langu ni mtaala. Rafiki wa kanisani ananishauri ninunue Abeka ya darasa la nne, vitabu vyote pamoja na masomo ya video. Jirani yetu anasifia Time4Learning, ambayo mtoto husomea kwenye kompyuta na mzazi hulipia kila mwezi. Mwingine ananiambia nisitoe hata senti, bali nimwandikishe shule ya umma ya mtandaoni. Bajeti yetu ni dola 500 kwa mwaka. Mimi hufanya kazi zamu ya usiku katika nyumba ya wazee, na baba yake ni dereva wa lori, kwa hiyo mara nyingi yuko safarini. Tunafikiria pia kwamba huenda siku moja tukarudi nyumbani. Nichague upi?

Bi Salma (Houston)

Mama Imani, hongera kwa kuuliza mapema. Nianze na hilo la shule ya mtandaoni, kwa sababu wengi huchanganya. Shule ya umma ya mtandaoni ni shule ya umma ileile, isipokuwa mtoto amekaa sebuleni kwako. Mahudhurio yanahesabiwa, mwalimu na ratiba ni vya shule, na mtihani wa jimbo, STAAR, ambao huanza darasa la tatu, ataufanya kama wenzake. Kama unachokimbia ni kupelekwa na mwendo wa darasa, hapo hujakimbia.

Kisheria Texas ni nyepesi. Tangu Mahakama Kuu ya jimbo ilipoamua kesi ya Leeper mwaka 1994, nyumba inayosomesha kwa dhati huhesabiwa kama shule binafsi. Unatakiwa kuwa na mtaala unaoonekana, iwe vitabu au kompyuta, unaogusa kusoma, tahajia, sarufi, hisabati na uraia mwema. Huombi kibali, hupeleki ripoti, na mtoto hafanyi mtihani wa serikali. Lakini kwa kuwa wako yumo kwenye daftari la shule, andika barua ya kumtoa, itie sahihi na tarehe, itaje siku utakayoanza kumsomesha nyumbani, na uitume kwa njia itakayokuachia ushahidi kwamba imepokelewa. Usimzuie nyumbani kabla ya barua kufika. Kutohudhuria bila ruhusa siku kumi ndani ya miezi sita kunatosha kukuletea barua za kukuita.

Sasa mtaala. Abeka ni mtaala mzuri kwa anayeuweza, na wapo watoto waliolelewa nao wakasoma vizuri mno. Lakini seti nzima ya darasa la nne inachukulia kwamba mtoto yuko darasa la nne katika kila somo, na wewe mwenyewe umeshatueleza kwamba wako hayuko hivyo. Utalipa fedha nyingi kwa vitabu vya sayansi na historia ambavyo hawezi kuvisoma. Mtoto anayetoka shule ya umma na mapengo anunuliwe somo moja moja, kila somo kwa ngazi aliyopo.

Kwa hesabu mpe kwanza majaribio ya kupima ngazi, ambayo wachapishaji karibu wote huyaweka bure mtandaoni. Tazama Math-U-See. Vitabu vyake havifuati madarasa bali mada: Gamma ni kuzidisha, Delta ni kugawanya, Epsilon ni hesabu za sehemu, kama nusu na robo. Kuna video fupi ya mafunzo na vipande vya plastiki vya kushika mkononi, na mtoto wa miaka tisa anaweza kusomea Gamma bila kuona kwenye jalada kwamba yuko nyuma ya wenzake. Saxon nayo ni imara, lakini kila somo lina maswali takriban thelathini ya mchanganyiko, na maelezo ni marefu. Kwa asiyesoma vizuri, hesabu hugeuka mateso ya kusoma. Ukija kuichukua baadaye, ujue namba iliyo juu ya kitabu: 5/4 ni cha mwanafunzi wa kawaida wa darasa la tano au mwepesi wa darasa la nne.

Mwalimu Mstaafu (Dallas)

Binti yangu Mama Imani, nilifundisha darasa la kwanza na la pili Tanga kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na sasa niko Dallas kwa mwanangu, nalea wajukuu. Bi Salma amesema vema kuhusu hesabu. Mimi nakwambia hesabu zitangoja. Mtoto wa miaka tisa asiyesoma hana mtaala wowote utakaomfaa mpaka asome, kwa sababu kila kitabu utakachomfungulia kitamdai kusoma.

Kabla hujatoa fedha, mkalishe mezani na umwandikie maneno ambayo hayapo katika Kiingereza: *vap*, *lig*, *shom*, *trake*, *ploof*. Mwambie ni majina ya wanyama wa kubuni. Anayejua kuunganisha sauti atayasoma ingawa hayana maana. Anayekariri au kukisia atageuza *lig* kuwa *leg*, au atakutazama usoni akisubiri umsaidie. Kisha mpe kitabu chenye picha ambacho hajapata kukiona. Pameandikwa *horse* na yeye akasoma *pony*, basi amesoma picha. Ziba picha kwa kiganja, umsikilize tena.

Ikiwa anakisia, anahitaji mtaala wa fonetiki unaofundisha kila sauti waziwazi, kwa mpangilio, bila kuruka. All About Reading ni mmojawapo. Una ngazi nne, una vigae vya herufi ambavyo mtoto huvisogeza kwa kidole, na mzazi ameandikiwa hatua kwa hatua la kufanya, jambo ambalo kwa mtu anayetoka zamu ya usiku ni msaada mkubwa. Umejengwa juu ya mbinu ya Orton na Gillingham, daktari na mwalimu wa Kimarekani walioanza kuwashughulikia watoto wenye shida ya kusoma karne iliyopita, kwa kuwafanya waone, wasikie na waguse kwa pamoja. Nunua ngazi moja tu kwa wakati. Usione haya kuanza ngazi ya kwanza. Mtoto mkubwa huipita haraka, na ukiiruka utarudi tu.

La mwisho, mfundishe kusoma Kiswahili. Irabu zetu ni tano na kila moja ina sauti yake isiyobadilika, ilhali *a* ya Kiingereza ni moja katika *cat*, nyingine katika *cake*, na nyingine katika *call*. Mtoto aliyekata tamaa akianza na *ba be bi bo bu* anaweza kusoma sentensi nzima mapema sana, akajiona kuwa naye ni msomaji.

Baba Juma (Columbus, Ohio)

Shikamoo Mwalimu. Pamoja na heshima zote, naona mnakimbilia vitabu. Mtoto aliyefika darasa la tatu akiwa anakisia maneno huenda ana disleksia, yaani ugumu wa kuzaliwa nao wa kusoma maneno, na hilo halipimwi jikoni. Sheria ya shirikisho inaitaka wilaya ya shule kuwatafuta na kuwapima watoto wenye mahitaji maalumu bila malipo. Mama Imani, omba kipimo kamili kwa maandishi kabla hajatoka. Kwa Texas, wilaya ikishapokea ombi ina siku 15 za shule kukujibu kwa maandishi, na ukishatia sahihi ya kukubali, ina siku 45 za shule kukamilisha ripoti. Ukienda kwa mpimaji wa binafsi, kipimo kama hicho kinaweza kumeza bajeti yako yote na zaidi.

Pia, msomaji mwingine asije akadhani sheria ya Texas ni ya Marekani nzima. Kwetu Ohio, tangu Oktoba 2023, mzazi hupeleka taarifa kwa msimamizi wa wilaya na hulazimika kufundisha masomo yaliyotajwa, sayansi na historia yakiwemo. Pennsylvania ni ngumu zaidi: kuna hati ya kiapo, kuna faili la kazi za mtoto linalokaguliwa kila mwaka, na kuna mitihani darasa la tatu, la tano na la nane.

Mwalimu Mstaafu (Dallas)

Marahaba Baba Juma, na umenisahihisha inavyostahili. Kipimo aombe. Ila asisubiri ripoti ndipo aanze, kwa maana hata ripoti ikisema ni disleksia, dawa itakayoandikwa ni fonetiki hiyohiyo ya mpangilio, pengine kwa mwendo wa polepole zaidi.

Mama Imani (Fort Worth)

Shikamoo Mwalimu, na asanteni nyote. Nimemwandikia yale maneno. *Vap* alilisoma, *lig* akasema *leg*, *shom* akasema *show*, na kwa *trake* akaniuliza kama ni *truck* ya baba. Nilijisikia vibaya, lakini angalau sasa najua. Barua ya kuomba kipimo nitaipeleka wiki hii, maana shule bado haijafungwa.

Nina maswali mawili yaliyobaki. Kwanza, nikitoka kazini asubuhi nina nguvu kidogo sana. Je, inawezekana kweli kusomesha hivyo? Pili, sayansi na historia niziache kabisa?

Bi Salma (Houston)

Inawezekana, dada, kwa sababu Texas haijakupangia saa wala haikulazimishi asubuhi. Lala kwanza. Panga kumsomesha alasiri, na siku za mapumziko yako zifanye ndizo siku nzito. Kusoma dakika ishirini, pumzika, tahajia kidogo, kisha hesabu nusu saa. Mtoto mmoja akiwa na mwalimu mmoja hahitaji saa saba za shule, ambazo sehemu kubwa yake ni kupanga foleni na kungoja wenzake. Kwa mazoezi ya hesabu asiyohitaji wewe ukae naye, tovuti ya Khan Academy ni bure na inatosha. Hapo hata Time4Learning ya jirani yako sioni kwa nini uilipie mwaka huu.

Sayansi na historia msomee kwa sauti kutoka vitabu vya maktaba, jioni, yeye akiwa amelala kwenye kochi. Baba yake naye yuko barabarani: apige simu aseme yuko jimbo gani, mtoto alitafute kwenye ramani ya ukutani na aandike jina lake. Hiyo ni jiografia na tahajia, na haijakugharimu kitu.

Kuhusu fedha, jimbo limepitisha sheria mwaka 2025 inayoruhusu, kuanzia mwaka wa masomo wa 2026–27, mtoto anayesomea nyumbani kuombewa hadi dola 2,000 kwa mwaka. Kuna masharti, likiwemo la mtoto kuwa raia au kuwapo nchini kihalali, na fedha hutumika kwa vitu vilivyoidhinishwa tu. Soma masharti, lakini vitabu vya Agosti vipangie zile 500 zako. Ngazi moja ya kusoma na kitabu kimoja cha hesabu pamoja na vipande vyake vitaingia humo, na kitabu cha mwalimu unaweza kukipata kikuukuu kwa wazazi waliokimaliza. Cha mwanafunzi nunua kipya, kwa kuwa kikuukuu huwa kimeshaandikwa majibu.

Mwalimu Mstaafu (Dallas)

Na kuhusu kurudi nyumbani: shule nyingi za Tanzania zinazofundisha kwa Kiingereza zitampima kwa mtihani wao wenyewe, na hazitauliza alisomea kitabu gani. Weka daftari zake zenye tarehe, pamoja na orodha ya vitabu alivyomaliza. Ukitaka, niandikie faragha nikutumie silabi za wiki mbili za mwanzo, nimekwisha kuziandika kwa ajili ya wajukuu.